Meza ndogo yenye mtoto wake: namna ya kuiunda mwenyewe nyumbani

Meza yangu ya kwanza niliiunda mwezi wa Agosti, Dar es Salaam, majira ya hewa kavu. Droo yake iliingia kama kiberiti kinavyoingia kwenye ganda lake, na kila mgeni nilimwita aje aivute. Masika yalipofika ikagoma. Asubuhi moja ya Aprili kadi ya kliniki ya mtoto ilikuwa imo ndani, mama mtu yuko mlangoni na mtoto mgongoni, mimi nimepiga goti naigonga droo kwa chini na mpini wa nyundo. Mwishowe niling'oa uso wa meza, kadi ikatoka, na ile meza haikurudi kuwa meza.

Kosa halikuwa la msumeno. Mbao hunywa unyevu wa hewa ikavimba, jua likikaza ikasinyaa, miaka yote, hata ukiipaka vanishi ya aina gani. Ila haivimbi ovyo: inatanuka kwa upana wake, kukatiza nyuzi, na kwa urefu karibu haibadiliki kabisa. Vipimo vingi utakavyokuta hapa chini vimetokana na jambo hilo, kwa hiyo usivibane kwa kudhani nimekosea milimita mbili tatu.

Meza yenyewe ina uso wa sentimita 60 kwa 42, kimo sentimita 55, droo moja juu na rafu chini. Inatosha kukaa kando ya kitanda au kochi katika chumba cha kupanga: karatasi, chaja na dawa ndani ya droo, vitabu au kapu la nguo chini. Wapo wanaopenda meza ya sanduku, ile unayofunua uso wake kama kifuniko. Ni rahisi zaidi kuunda, lakini mimi siishauri. Kila ukitaka kiberiti itabidi kwanza uondoe chai, simu na redio.

Mbao, kabla ya yote

Nenda na orodha fupi: mbao mbili za moja kwa sita na moja ya mbili kwa mbili (ni inchi hizo), zote za futi 12. Zikishapigwa randa, moja kwa sita inabaki na unene wa kama sentimita 2 na upana wa 14. Mbili kwa mbili inabaki 4.5 kwa 4.5. Kama hapo wana mashine, lipia zipigwe randa pande zote nne. Ukifika nyumbani pima tena, maana mashine nazo hutofautiana, na ukikuta 13.7 badala ya 14, rekebisha vipimo vyangu.

Kwa kujifunzia chukua msonobari. Sehemu kubwa ya msonobari unaouzwa Dar unashuka kutoka Mufindi, Iringa, kwenye shamba la miti la Sao Hill na mashamba ya watu yanayolizunguka. Ni laini, haumchoshi anayeanza, na ukiuharibu huumii sana. Kaskazini utapata saipresi kwa urahisi, nayo ni nzuri na droo yake inanukia. Mninga ndio mbao ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu ikishakauka hutulia, haihangaiki na mvua. Lakini bei yake si ya meza ya kwanza.

Utaona pia mbao zenye rangi ya kijanikijani. Hizo zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, ni za kenchi. Usiziweke kwenye meza itakayobeba chakula na dawa za watoto, na mabaki yake usiyatie jikoni kama kuni: dawa hiyo mara nyingi huwa na aseniki, na moto hauimalizi. Inabaki kwenye majivu.

Ukiwa pale, inua mbao kichwa kimoja hadi jichoni, funga jicho la pili, tazama ukingo wake wote kama anayelenga manati. Iliyopinda kama upinde kidogo unaweza kuikata vipande vifupi na kasoro ikapotea. Iliyojisokota, ile ambayo kona moja imeinuka huku zingine zimelala, irudishe bila kuona haya. Kifundo kidogo kilichoshikamana hakina shida. Chenye duara jeusi kukizunguka kitadondoka siku moja na kuacha tundu. Madoa ya bluu ni ukungu tu, yanaharibu sura lakini nguvu ya mbao iko palepale. Angalia pia matundu madogo kama ya sindano yenye unga mweupe chini yake. Hao ni bungua, na usimlete bungua nyumbani.

Muuzaji atakwambia, "Kavu hizo, kaka." Zimekauka kiasi cha kumtosha yeye. Nunua, kisha zikate vipande virefu kidogo kuliko vinavyohitajika na uvipange ndani, mahali pa kivuli panapopita hewa, kila safu ikitenganishwa na vijiti vyembamba. Vichwa vya mbao vipake rangi yoyote iliyobaki au gundi, kwa sababu maji hutoka haraka sana kichwani na hapo ndipo nyufa huanzia. Usianike juani, utavuna mbao zilizopasuka. Kujua kama zimekauka, chukua kipande kimoja ukapime kwenye mizani ya duka la mtaani, andika uzito kwa penseli juu ya kipande chenyewe, rudi baada ya siku 4 au 5. Uzito ukipungua, bado. Ukigoma kupungua mara mbili mfululizo, anza kazi. Kwangu ilichukua wiki 3 na zaidi kidogo, na mwenye duka alishaanza kuniita "mzee wa kibao".

Vifaa

Msumeno wa mkono wenye meno madogo, patasi ya milimita 10 iliyonolewa hadi inyoe nywele za mkononi, nyundo, randa ndogo, skwea, tepu, penseli kali, drili (hata ile ya kuzungusha kwa mkono, keekee), bisibisi, gundi nyeupe ya mbao, misumari ya inchi moja na nusu na ile midogo ya plaiwudi, skrubu za inchi moja na robo, msasa namba 80, 120 na 180. Klampu ukiwa nazo ni heri. Kama huna, tafuta tyubu ya baiskeli iliyokufa, uikate iwe ukanda mrefu: ukiivuta na kuizungushia mara kadhaa inakaza kuliko unavyofikiri.

Kukata

Hivi ni vipimo kamili, si vile virefu vya kukaushia:

Kutoka mbili kwa mbili: miguu 4 ya sm 53, na vipingo 2 vya rafu (vinaunga mguu wa mbele na wa nyuma kwa chini na kubeba rafu) vya sm 31.

Kutoka moja kwa sita ya kwanza: mbao 3 za uso, sm 62 kila moja (zitapunguzwa baadaye), mkanda wa nyuma (mkanda ni mbao inayounga miguu kwa juu, chini ya uso wa meza) sm 49, mikanda 2 ya ubavuni sm 31, na kipande cha sm 49 utakachokipasua kwa urefu upate kipingo cha mbele chenye upana wa sm 4.5.

Kutoka moja kwa sita ya pili: mbavu 2 za droo za sm 29, kifua na mgongo wa droo, sm 40.5 kila kimoja. Uso wa droo sm 44.5, mbao 2 za rafu za sm 52, na kipande kimoja cha sm 27 cha kupasua kuwa reli 2 za upana wa sm 4 na vibao 2 vya sm 2.

Kata nje ya mstari, upande wa kipande kinachotupwa. Msumeno nao unakula. Ukikata juu ya mstari wenyewe, kila kipande kitapungua milimita moja au zaidi, na ukijumlisha utashangaa. Miguu minne iweke pamoja wima juu ya meza bapa, pitisha kiganja juu ya vichwa vyake. Kiganja hutambua tofauti ambayo tepu haikuonyeshi.

Tundu na ulimi

Ungeweza kupiga misumari tu. Meza ingesimama, halafu baada ya mwaka ingeanza kucheza kila ukiweka kikombe. Kiungo cha tundu na ulimi, yaani ncha ya mbao moja iliyochongwa nyembamba ikaingia kwenye tundu la nyingine, kinachukua siku nzima ya Jumamosi lakini hakichezi.

Panga miguu kwanza, chagua nyuso zake nzuri zitazame nje, na uandike juu ya kila kichwa: MK, MKL, NK, NKL, yaani mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia. Usiamini kumbukumbu yako. Mimi niliwahi kutoboa miguu miwili upande usio wake nikiwa nasikiliza mpira redioni.

Mikanda ina unene wa sm 2, na itakaa ndani kidogo, nusu sentimita kutoka uso wa nje wa mguu. Ulimi una unene wa sm 1 katikati ya mkanda. Kwa hiyo tundu linaanza sm 1 kutoka ukingo wa nje wa mguu na kuishia sm 2. Kwa kimo, linaanza sm 2 chini ya kichwa cha mguu na kushuka hadi sm 12. Kina chake sm 2.2, na ulimi urefu wa sm 2 kamili. Zile milimita mbili ni nafasi ya gundi kujificha, la sivyo itausukuma ulimi nje na kiungo hakitafunga.

Toboa kwanza kwa drili msururu wa matundu yaliyokaribiana, ukiwa umefunga kipande cha utepe wa rangi kwenye chuma chake cha kutobolea kuonyesha mwisho wa kina. Kisha patasi, wima, mgongo wake ukitazama ukuta wa tundu, ukimega kidogokidogo. Sikiliza mlio: patasi kali katika msonobari inatoa sauti fupi kama ya kuvunja muwa mwembamba. Ikianza kuponda na kutoa nyuzi zilizochanika, acha, kainoe. Karibu na kingo usibonyeze patasi kama wenzo, mdomo wa tundu utasagika na huo ndio unaoonekana.

Ulimi unaukata kwa msumeno: mabega kwanza (pale ulimi unapoanzia), halafu mashavu (nyuso za ubavuni mwake). Uache mnene kidogo, kisha uupunguze kwa patasi hadi uingie kwa kusukuma na kiganja na kupigapiga kidogo. Ukihitaji nyundo kubwa, mguu utapasuka. Ukiingia wenyewe bila kusukumwa, bandika maranda membamba kwa gundi ubavuni mwa ulimi na uanze tena.

Matundu yote ni 12: mawili ya mkanda wa nyuma, manne ya ubavuni, mawili ya kipingo cha mbele, manne ya vipingo vya rafu. Kipingo cha mbele kinalala bapa, uso wake wa juu ukiwa sm 12 kutoka kichwa cha mguu, ili chini kiwe sambamba na mikanda. Tundu lake ni dogo, kimo sm 1 kwa upana sm 2.5. Vya rafu vinakaa sm 12 kutoka sakafuni, matundu yake upana sm 1 kwa kimo sm 3.

Kuunga

Unga kavu kwanza, bila gundi, fremu nzima. Hapo ndipo utakapogundua kipingo kilichogeuzwa. Kisha gundi kwa awamu: mbavu mbili (mguu wa mbele, mkanda, kipingo cha rafu, mguu wa nyuma), zikaze kwa tyubu, acha usiku kucha. Kesho yake unganisha mbavu hizo kwa mkanda wa nyuma na kipingo cha mbele.

Kabla gundi haijashika pima kona kwa kona. Vipimo viwili vya mshazari vikilingana, fremu iko mraba. Kimoja kikizidi, bana kidogo kwenye ule mshazari mrefu hadi vilingane. Fanya hivyo ukiitazama pia kwa juu, na ukiwa umesimamisha fremu mahali palipo sawa kweli. Sakafu nyingi za kupanga si sawa, mimi natumia mlango uliolazwa.

Sasa tazama ndani ya fremu. Kati ya uso wa ndani wa mkanda wa ubavuni na uso wa ndani wa miguu kuna pengo la sm 2. Pengo hilo ndilo nyumba ya reli. Bandika kila reli ya sm 4 kwa ndani ya mkanda, kwenye ukingo wake wa chini, uso wake ukilingana na kipingo cha mbele: sm 2 zinajaza pengo, sm 2 zinatokeza kubeba droo. Juu kabisa bandika vile vibao vya sm 2, ambavyo vitashika uso wa meza. Vyote gundi na skrubu.

Mbao za rafu zipunguze upana hadi kama sm 12.5 kila moja, zilaze juu ya vipingo kati ya miguu, skrubu mbili kila mwisho, pengo dogo katikati. Rafu imekwisha.

Uso wa meza

Mbao tatu za sm 14 zinatoa sm 42. Geuzageuza hadi nyuzi zipendeze, kisha randa kingo mpaka ukisimamisha moja juu ya nyingine huoni mwanga ukipenya. Hii haina njia ya mkato. Gundi haizibi pengo, inalijaza tu kwa muda. Kama huna klampu ndefu, pigilia vibao viwili kwenye ubao mkubwa wa chini kwa umbali wa sm 45, weka uso katikati, halafu ingiza kabari mbili zinazokabiliana na uzigonge taratibu. Karatasi ya nailoni chini, la sivyo utapata meza iliyoshikamana na ubao. Weka jiwe au ndoo ya maji juu ili uso usiruke katikati.

Ikishakauka, kata ncha hadi sm 60, piga msasa 80, 120, 180, siku zote ukifuata nyuzi.

Kuufunga kwenye fremu, kumbuka masika. Upana wa sm 42 za msonobari unaweza kwenda na kurudi milimita 3 hadi 4 kati ya ukavu na mvua. Ukiubana kwa misumari kila upande, utajipasua wenyewe. Katika kila kibao cha juu toboa matundu matatu kwa chini: la katikati la duara la kawaida, ya mwisho mawili yavute kwa mbele na nyuma yawe marefu kama punje ya mpunga, kubwa zaidi. Skrubu ya katikati ikaze, za mwisho zikaze kisha uzilegeze robo mzunguko. Uso utapumua.

Mtoto wa meza

Nafasi yake ni upana sm 45, kimo sm 12. Sanduku la droo liwe upana sm 44.5 na kimo sm 11.4. Ndiyo, pengo la milimita 6 juu linaonekana kubwa siku ya kwanza. Liache.

Mbao zote za droo zipasue upana kuwa sm 11.4, vijiti vya sm 2 na zaidi vinavyobaki usitupe. Unga mbavu za sm 29 nje ya kifua na mgongo vya sm 40.5, gundi na misumari mitatu kila kona ikipita ubavuni. Ukivuta droo, nguvu inaipiga misumari ya hivyo kwa ubavu, haiichomoi. Pima kona kwa kona tena, hapa kuliko popote: droo iliyopinda hata kidogo itakwama hata wakati wa ukame. Vile vijiti vipunguze viwe vya sm 1, vibandike ndani kuzunguka chini, kisha dondosha juu yake plaiwudi ya milimita 4, sm 40.3 kwa 24.8, na misumari midogo.

Uso wa droo uufunge mwisho, kwa skrubu kutoka ndani. Ingiza sanduku, weka uso mbele yake, upandishe kwa kuweka chini sarafu mbili ili upate pengo sawa, toboa. Kishikio weka unachopenda. Kipande cha mninga kilichochongwa ndicho mahali pazuri pa kutumia mbao ghali. Nyuma bandika kizuizi kidogo ili droo isiingie ndani kupita miguu ya mbele.

Vanishi sina mengi: koti jembamba, msasa 180 mkavu, koti la pili, la tatu. Ila upake uso wa meza juu na chini, makoti sawasawa, kwa sababu upande ulioachwa mtupu utakunywa unyevu zaidi na uso utajikunja kama sahani. Ndani ya droo usipake kitu, harufu haitoki miezi. Paka nje au mlango ukiwa wazi, na kitambaa kilicholowa mafuta au thina kitandaze kikauke, usikifinyange ukatupa pembeni.

Kisha chukua mshumaa mweupe, sugua juu ya reli na chini ya mbavu za droo mpaka kuwe na utelezi. Ivute. Iingize kwa kidole kimoja. Kama inagusa mahali, itumie hivyohivyo siku tatu halafu itoe uitazame mwangani: pale inapogusa patakuwa pameanza kung'aa. Pitisha randa hapo mara mbili, si tatu, mshumaa tena. Rudia ukaguzi huo mwezi wa Aprili, mvua ikiwa imeshanyesha wiki mbili.